Dole Gumba Kwenye Yai la Jiwe

Sipendi mtu aniletee kiko kwenye mfuko wa plastiki. Kiko si samaki. Nimelisema hili miaka na miaka, hata karatasi nimebandika mlangoni, na bado watu wanakuja na mifuko yao, viko vinagongana humo ndani, halafu wananiambia, "Bibi Moshi, tuangalizie, ni cha marehemu babu." Marehemu babu angefufuka angewachapa viboko.

Bibi Moshi ndilo jina nililopewa na mtaa huu, na sikulikataa maana ningeweza kupewa baya zaidi. Kazi yangu ni kufufua viko vya zamani vya Kizungu. Natoa masizi ya miaka hamsini, nanyoosha midomo iliyopinda, naziba nyufa, napaka nta mpaka mwenyewe akija kuchukua ananiuliza kama nimembadilishia. Jioni nikishafagia navuta changu kimoja pale mlangoni. Daktari kanikataza. Namheshimu sana daktari, ndiyo maana nikimwona anakuja nakificha.

Duka lilikuwa la baba. Ni chumba kimoja chembamba, dirisha moja linalotazama barabara, meza ya kazi ya mbao nzito iliyoungua hapa na pale, na rafu za viko mpaka darini. Ukiingia, harufu inakukaribisha kabla yangu: tumbaku, spiriti, nta ya nyuki, na kitu kingine ambacho sijui nikiite nini, labda ni baba mwenyewe. Amekufa miaka ishirini sasa na harufu yake haijatoka. Siku nyingine asubuhi nikifungua mlango nasimama kidogo na ufunguo mkononi, navuta pumzi tu, namkumbuka.

Zamani, jamani, zamani! Saa nne asubuhi humu ungekosa pa kuweka mguu. Alikuja dereva wa treni na kiko chake kifupi kilichojaa vumbi la makaa. Alikuja mwalimu mkuu, ambaye kila akisahihisha mitihani alitafuna mdomo wa kiko chake, na kila mwisho wa muhula alikileta kina meno utadhani amekinyang'anya mbwa. Baba alimuuliza, "Mwalimu, safari hii wamefeli wangapi?" Kisha akaupitisha ule mdomo wa mpira mweusi juu ya mwali wa taa, polepole, na zile alama za meno zikapanda zenyewe mpaka zikaisha. Mpira ule mgumu ukipata moto unarudi ulivyozaliwa. Mimi na kaka yangu tulisogea kuangalia kila mara, ingawa tulishaona mara mia.

Jiwe halina huruma hiyo, na habari yangu ni ya kiko cha jiwe.

Jumatatu moja mwaka huu aliingia mwanamke mwenye miwani ya jua na, nimshukuru Mungu, bila mfuko wa plastiki. Alikuwa na kisanduku cha ngozi kilichotengenezwa kwa umbo la kiko chenyewe. Akakiweka mezani, akasema yeye ni mjukuu wa jaji fulani aliyeishi kwenye ile barabara yenye nyumba kubwa, na kwamba babu alikuwa akikileta kiko chake hapa. Hakuwa amefungua bado. Mimi nilishakijua kilichomo.

Akafungua. Ndani, kwenye mahameli nyekundu iliyochakaa, kulikuwa na ukucha wa tai umeshika yai. Ukucha umechongwa mpaka magamba ya miguu unayaona, na yai ndilo kichwa cha kiko, ndimo tumbaku inamokaa. Zamani kilikuwa cheupe. Sasa kilikuwa na rangi ya asali iliyokolea, na kule chini ya yai rangi ya chai ya rangi. Kizuri, nakwambia, mpaka kinakera.

"Kuna hili doa," akasema mjukuu wa jaji, akanionyesha kwa ukucha wake mrefu. "Unaweza kulitoa? Nataka kumpa mume wangu zawadi, lakini hili linaharibu."

Baina ya kucha mbili za tai, juu ya yai, palikuwa na alama nyeusi, yenye mistari midogo midogo kama ya juu ya ganda la kombe. Katikati yake ulipita mstari mweupe, mwembamba, wa mshazari. Sikuhitaji lenzi. Nilikunja mkono wangu wa kulia nikauweka chini ya meza.

"Naweza," nikasema.

"Mpaka Jumamosi?"

"Mpaka Jumamosi."

Alipotoka nilikaa chini. Majuto ni mjukuu, wanasema. Haya, wangu aliingia mjukuu kwelikweli, tena na miwani ya jua.

Ngoja nieleze, maana kazi hii watu hawaijui. Wazungu jiwe lile wanaliita povu la bahari. Baba aliliita jiwe jeupe, yakaisha. Ni jepesi na laini, unaweza kulikwaruza kwa ukucha. Kabla ya kulivuta unalichovya kwenye nta ya nyuki iliyoyeyuka, na ukishavuta, miaka na miaka, jiwe linakunywa mafuta ya tumbaku, linabadilika rangi taratibu. Mtu mwenye kiko cha jiwe anakilea kama mtoto. Sheria yake ni moja: kikitoka kwenye nta, kikiwa bado cha moto, hakiguswi kwa mkono mtupu. Unakishika kwa kitambaa, unakichomeka kwenye kijiti chake, unakiacha kipoe. Ukikigusa, jasho la kidole linaingia na nta. Siku ile huoni kitu. Lakini kikianza kuvutwa, moshi unaanzia pale pale, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo kidole chako kinavyojitokeza.

Miaka arobaini na miwili iliyopita kiko cha jaji kililetwa kuchovywa upya. Baba alimpa kaka kazi hiyo. Kaka alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amevaa aproni ya ngozi, fundi tayari, na wateja walishaanza kumwita fundi mdogo. Mimi nilikuwa na kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuosha chupa na kupika chai, na roho ilikuwa inaniuma. Nilijua naweza. Usiku nililala nikichonga kichwani mwangu.

Siku hiyo baba hakuwepo. Kaka alikiweka kiko kwenye nta, akaniambia, "Usiguse, naenda kufuata mafuta ya taa, narudi sasa hivi." Sasa hivi ya kaka yangu mnaijua, kila mtu ana kaka kama huyo. Nta ikawa tayari. Nikasema ikizidi itaharibika. Uongo, isingeharibika. Nilitaka tu kukitoa mimi. Nikakitoa kwa kitambaa vizuri kabisa, nikakichomeka kwenye kijiti, nikarudi nyuma hatua moja nikakitazama, najisifu. Kikateleza. Nikakidaka kwa mkono mtupu.

Kiliniunguza lakini sikukiachia. Nikakirudisha kijitini. Nilipotazama sikuona kitu, jiwe jeupe pe. Kaka aliporudi akasema, "Ala, umekitoa?" Nikamwambia, "Si ulichelewa. Ila usimwambie baba, atafoka." Akacheka. Kaka yangu alikuwa mtu wa kucheka. Hakumwambia baba.

Baada ya miezi mitatu jaji alikirudisha mwenyewe, uso umekunjamana. Alama ilikuwa imeanza kutoka, kahawia hafifu. Baba akamwomba radhi, akakaa na kiko chini ya dirisha, akavaa miwani, akachukua na lenzi, akakitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama na ufagio. Kaka alikuwa upande huu wa meza. Kisha baba akainua kichwa, akamwambia kaka, polepole, bila hasira, "Mikono yako si ya kazi hii."

Kaka alifungua mdomo. Alinitazama. Alikumbuka kuwa nilikitoa mimi, nina hakika alikumbuka, lakini yeye ndiye aliyekihamisha baadaye, akakipangusa, akakifunga, na hapo hapo akaanza kujiuliza kama hakukigusa kikiwa bado na joto. Niliona kwa macho yangu jinsi anavyojitilia shaka. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kwangu. Nikashika ufagio. Baba akamvua ile aproni, akaikunja, akanikabidhi mimi.

Nikaivaa.

Kaka alikwenda kuwa karani wa reli, akagonga mihuri miaka thelathini na mitano. "Muhuri hauvunjiki," aliniambia siku moja, akitania, lakini haikuwa utani wote. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa alikataa kumpokea. Wifi yangu alininong'oneza jikoni, analia, anasema, "Eti ana mikono ya kuharibu. Hata kumgeuza kitandani ananiita mimi." Mtoto alifika miezi minane hajabebwa na baba yake. Wa pili hivyo hivyo. Mimi, shangazi mtu, niliwabeba wale watoto nikawaimbia, nikijua ni kwa nini. Kama kuna shangazi mnafiki kunishinda, sijamwona.

Tangu astaafu, kaka huja dukani kila Alhamisi saa tisa alasiri. Anakaa kwenye kiti cha wateja, mikono mifukoni. Hagusi kitu. Nikimpa kikombe anasubiri nikiweke mezani ndipo akichukue. Tunazungumza habari za zamani, nani alikuwa anavuta nini, siku dereva wa treni alipoketi juu ya kiko chake kikiwa kinawaka. Ndiyo saa yangu nzuri kuliko zote za wiki, na kila Alhamisi kwa miaka mingapi sijui nimejiambia, leo nitamwambia. Na kila Alhamisi nimempa biskuti.

Sasa ile alama ilikuwa mezani kwangu. Kuitoa ni kazi ya dakika kumi: msasa mwembamba kabisa, kitambaa, nta kidogo. Ikishatoka hakuna mtu duniani atakayejua. Nikifa, nimekufa nayo. Jumanne nikasafisha ndani ya yai, nikatoa masizi kwa kisu butu, polepole, kwa sababu jiwe lile ukilisukuma kidogo linapasuka. Jumatano nikang'arisha mdomo wa kaharabu mpaka ukawa unapitisha mwanga. Kila kitu kikawa tayari isipokuwa lile doa. Nilishika msasa mara tatu nikauweka. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nina miaka sitini na mmoja na kifua kinachokoroma. Nikasema, wee mama, ukiitoa hii kabla ya Alhamisi wewe si mtu.

Alhamisi kaka alifika, akaketi, mikono mifukoni.

"Kaka, njoo uone kitu."

"Nitaona nikiwa hapa."

"Njoo, bwana! Unataka nikubebe?"

Akaja akijivuta. Alipoona ukucha wa tai akasimama. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekutana na mdai wake sokoni.

"Loo. Hiki ndicho kilichoniajiri reli."

"Chukua lenzi uangalie."

"Nitaivunja."

"Ivunje! Nitanunua nyingine. Chukua."

Akaichukua kwa vidole viwili. Akainama. Nikamwambia aweke dole lake gumba juu ya ile alama. Akatikisa kichwa. Nikamwambia kiko kimepoa miaka arobaini, hakitamuuma. Akaweka. Dole la kaka yangu ni pana, la baba yetu, likaifunika alama yote na pembeni likazidi. Akalitoa akatazama, bado haelewi. Hapo nikaweka langu. Lilitua pale pale, na kovu langu la utotoni juu ya ule mstari mweupe.

"Ni mimi," nikasema. "Nilipokitoa kwenye nta kiliteleza, nikakidaka. Baba alipokwambia yale maneno nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na ufagio, nikanyamaza. Mikono yako haikuwa na kosa lolote. Haijawahi kuwa na kosa. Kaka, nisamehe."

Nilikuwa nimeyasema maneno hayo peke yangu mara nyingi mno, bafuni, barabarani, mpaka niliamini najua atakachojibu. Nilidhani atalia, au atanipiga kofi, na ningelipokea. Hakufanya lolote. Aliinama tena na lenzi.

"Huu mstari," akasema, "ni lile kovu la tindo."

"Ndiyo."

"Ulijikata ukiwa na miaka tisa. Kwenye meza hii."

"Ndiyo, kaka."

"Nani alikuwa anakufunga kidonda?"

Baba. Wiki tatu, asubuhi na jioni, baba ndiye alikuwa ananiosha dole hilo kwa maji ya chumvi, analifunga kitambaa, analibusu juu ya kitambaa. Hakukuwa na mtu aliyelijua dole langu kuliko yeye.

"Na alitazama kwa lenzi hii hii," akasema kaka. "Chini ya dirisha. Miwani usoni. Yule mzee alikuwa anaona mkwaruzo ambao kiko chenyewe hakijui kama kinao."

Mimi naapa sikuwahi kulifikiria hilo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeshughulika na kosa langu tu, nalipangusa, nalificha, nalitazama, sikuwahi kugeuza kichwa kumtazama baba aliyekuwa ameketi pale na kiko mkononi.

"Basi alijua," kaka akasema. "Alijua si mimi. Akanitoa mimi."

"Labda alitaka upate mshahara wa uhakika. Reli ilikuwa inaajiri, na kazi hii alishaona inakufa, labda alifikiri..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Nikasogeza msasa pembeni.

"Ungeniacha na mikono yangu mibovu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mikono mibovu ni bahati mbaya, mtu anazaliwa nayo. Nilishaizoea. Hii sasa uliyoniletea niifanyeje?" Akanitazama, na macho yake yalikuwa yale yale ya fundi mdogo wa miaka ishirini na mitatu. "Sema wewe. Alikupenda wewe zaidi?"

Ningeweza kusema alitupenda sawa. Ndivyo watu wanavyosema, na ndivyo nilivyowaambia watoto wake kwenye msiba wa baba. Lakini nilishachoka kusema uongo kwa kaka yangu.

"Ndiyo, kaka. Alinipenda mimi zaidi."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama karani anayesikia jina sahihi likisomwa.

"Na wewe? Ulipokuwa umesimama na huo ufagio wako, ulinipenda?"

"Nilikupenda sana. Lakini siku ile niliitaka aproni kuliko nilivyokupenda."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Kaka aliiweka lenzi mezani, taratibu, kwenye kitambaa chake. Akauliza mwenye kiko anataka nini. Nikamwambia anataka doa litoke.

"Basi litoe," akasema. "Si ndiyo kazi uliyoitaka?"

Akavaa kofia yake akatoka. Chai yake ilibaki mezani mpaka ikafanya utando.

Ijumaa nilikaa na msasa. Zilikuwa dakika kumi kweli, kama nilivyosema. Kwanza uliondoka weusi, kisha ile mistari, na mwisho kabisa ule wa mshazari. Nikapaka nta, nikakishika kwa kitambaa, nikakichomeka kijitini, nikakilinda mpaka kikapoa, sikuinuka hata kufungua mlango uliogongwa. Jumamosi mjukuu wa jaji alikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha akafurahi kupita kiasi. "Bibi, mikono yako!" akasema. "Yaani utafikiri hakuna kitu kilichowahi kutokea." Nikamfungia kisanduku. Nilimwambia amwambie mumewe akivute polepole mwanzoni, na akishike kwa kitambaa kikiwa cha moto.

Alhamisi iliyofuata nilichemsha maji saa tisa kasoro. Kaka hakuja. Nikakaa na birika mpaka saa kumi na mbili. Nilivuta kiko changu mlangoni na hakikuwa na ladha, nikakigonga ukutani kuondoa majivu, nusu ya tumbaku haijaungua. Niliwaza mambo ya zamani, lakini hata yale mazuri yalikuja na baba ndani yake, na baba sasa sikujua nimtazame vipi. Alikuwa ameniosha kile kidonda. Alikuwa amenipa duka hili. Alikuwa amemvua kaka yangu aproni na kuikunja vizuri. Nilikuwa na hasira naye, na bado nilimtamani aingie mlangoni aniambie nimepaka nta nyingi.

Wiki ya pili wifi akanipigia simu, hata salamu hakuna.

"Wewe, umemfanya nini mume wangu?"

"Kwani vipi?"

"Vipi nini! Amekuwa kama kichaa. Anashika kila kitu humu ndani. Juzi kafungua redio yote, skrubu zimejaa mezani, nakula na skrubu mimi. Jana kaosha vyombo, mtu ambaye tangu nimeolewa hajashika sahani yangu. Kavunja mbili."

"Akasemaje?"

"Ndilo linaloniudhi. Hajasema kitu. Kazoa vipande, kaendelea kuosha, anapiga mluzi."

Nilikata simu nikakaa kwenye kiti cha wateja nikalia, hata sijui nilikuwa nalia furaha au kitu gani. Kaka yangu alikuwa anapiga mluzi na kwangu haji. Alikuwa na haki. Hiyo Alhamisi pia birika lilichemka bure.

Alhamisi ya tatu sikuchemsha kitu. Nilikuwa nimeinama kwenye kiko cha mzizi wa mti kilichopasuka, nakijaza unga wa mbao na gundi, ndipo mlango ukafunguliwa na harufu ya sabuni ya kaka ikaingia. Amechelewa saa nzima. Hakukaa kwenye kiti cha wateja. Alikuja moja kwa moja upande wangu wa meza, akasimama, kidole chake kimoja kimefungwa plasta, nadhani ni ya zile sahani.

"Baba nimemsamehe," akasema.

Nikaweka gundi chini.

"Nimekwenda kaburini nikamwambia. Amekufa, hawezi hata kuniomba radhi, nimfanye nini? Nimemsamehe." Akavuta pumzi. "Wewe bado. Wewe uko hai. Wewe utangoja."

"Nitangoja, kaka," nikasema.

"Itachukua muda."

"Nitangoja tu."

Akasogeza kigoda kwa mguu, akaketi karibu nami. Akaniuliza kile kiko kilichopasuka ni cha nani. Nikamwambia.